Mwaka Papa Alipoacha Kusema Nasadiki

Papa alikuwa katekista wa kapela yetu ya Bihambwe tangu kabla mimi sijazaliwa. Alifundisha watoto wa ubatizo, alitengeneza ndoa zilizoharibika, na padri alipokwama njiani kwa matope ni yeye aliyezika wafu. Kaka yangu mkubwa walimpeleka seminari. Alimaliza miaka miwili ya filozofia, kisha siku moja akarudi nyumbani na sanduku lake, akasema hawezi kuwa padri kwa sababu hana tena hakika kama Mungu yuko. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Nakumbuka Mama alimwekea sahani ya bugali na majani ya sombe, akamwambia ale kwanza.

Watu wa kijiji walingoja Papa amfukuze. Hakumfukuza. Alimtazama mpaka akamaliza kula, akasema: "Basi tutaongea. Kama Mungu iko, haogope maulizo."

Wakaongea miaka kumi na saba. Kaka alipata kazi ya kufundisha katika sekondari ya pale pale, akajenga chumba nyuma ya nyumba yetu, na kila Jumapili baada ya misa walikaa karibu na jiko tulipokuwa tunachambua maharagi, wakaanza. Mimi ndoa yangu ilipovunjika kwa sababu ya kukosa mtoto, nilirudi nyumbani nikawakuta palepale, kana kwamba nilitoka kwenda kuchota maji.

"Hii haragi ilitoka ku haragi ingine," Papa alikuwa akisema, ameishika kati ya vidole viwili. "Na ile ingine ilitoka ku ingine. Utarudia nyuma mupaka wapi? Lazima kuko ya kwanza, na Mwenye aliiumba."

"Na huyo Mwenye, alitoka wapi?"

"Yeye hana mwanzo."

"Kama kitu moja inaweza kukosa mwanzo, Papa, juu ya nini dunia yenyewe isikose?"

Papa alicheka kwa furaha, akapiga goti lake. Alikuwa amesoma miaka sita tu ya shule ya msingi, na alijivunia mtoto aliyeweza kumkwamisha. Wiki nzima angetembea na swali lile shambani, na Jumapili angekuja na jibu. Mama aliwacheka wote wawili. "Munamusema Mungu sawa vile muntu mwenye alisafiri," alisema, "na yeye anawasikia. Leteni kitunga."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Sisemi tulikuwa na amani, kwa maana kwetu Masisi amani huja kwa vipande. Lakini ule ubishi ulikuwa mchezo wa nyumbani kwetu, na hakuna aliyeogopa kushindwa.

Asubuhi ambayo vita vilifika kwetu, Mama alikuwa ametoka mapema kwenda shamba la chini, ng'ambo ya kijito. Risasi zilianza upande huo huo. Watu walikuwa wanapanda kilima wakikimbia, mwingine na godoro kichwani, mwingine na kuku tu mkononi. Tulisimama mlangoni, sisi watatu. Kaka alikwisha kuvaa viatu.

"Naenda kumutafuta," alisema.

Papa alimshika mkono. "Wanatokea kule kule. Ukishuka utakutana nao. Watakuua mbele ya kumuona."

"Mama iko kule!"

"Mungu atamulinda. Anajua njia kupita sisi. Tutamukuta mbele. Twende."

Kaka alimtazama. Nilidhani angejinasua, maana alikuwa na nguvu kuliko Papa. Lakini risasi zilisogea, bati la jirani likalia kwa kupigwa, na mimi nikapiga kelele. Nadhani ni kelele yangu iliyomfanya ageuke. Tukakimbia. Siku mbili za njia tulimtafuta Mama katika kila kundi la watu tulilolikuta, na hatukumkuta mbele.

Tulifika Lushebere, kambini. Walitupatia bashi moja, turubai la plastiki, tukajenga kibanda cha miti na majani, tukakifunika nalo. Mvua iliponyesha tulisimama katikati kwa sababu pembeni kulivuja. Kwenye kibanda kama kile hakuna mahali pa kwenda kukasirika peke yako.

Papa alianza tena kazi yake. Hakuna aliyemwomba. Alikusanya watu wa mstari wetu wa vibanda kila asubuhi, akasali nao. Na kila asubuhi alimtaja Mama: Mungu amlinde huko aliko, Mungu amrudishe. Kaka alikaa mlangoni mwa kibanda mikono imefungwa kifuani, akisikiliza.

Siku moja, sala ilipokwisha na watu bado wako pale, alisimama.

"Papa, nina ulizo."

Papa alifurahi. Niliona uso wake ukifunguka, kwa maana tangu tufike walikuwa hawajabishana. "Uliza, mutoto yangu."

"Mama akirudi, utasema nini?"

"Nitasema Mungu amesikia."

"Asiporudi?"

"Nitasema mapenzi yake yatimizwe."

"Basi akirudi, Mungu iko. Asiporudi, Mungu iko. Kitu gani inaweza kutokea yenye itakufanya useme haiko? Nipe moja tu. Kama hakuna hata moja, basi haujasema kitu. Ni sawa kusema mvua itanyesha ao haitanyesha."

Mama mmoja jirani, aliyekuwa amezika watoto wawili mwezi ule kwa surua, alimwambia Kaka: "Prof, acha muzee." Lakini Papa aliinua mkono wake.

"Na weye," alimwambia Kaka. "Kitu gani itakufanya useme iko?"

"Mama aingie hapa."

"Mama za wengine waliingia. Juzi mama ya yule kijana wa mustari wa pili aliingia, tukaimba mupaka sauti ikaisha. Haukuamini."

"Haikuwa Mama yangu."

"Basi si Mungu njo unatafuta, unatafuta Mama," Papa alisema kwa upole.

"Ni kweli, Papa. Sitafute Mungu. Mimi siku ile nilikuwa nimevaa viatu. Weye njo ulimuachia Mungu."

Kaka aliondoka, akapita katikati ya watu. Papa alibaki amesimama, Biblia kwapani, akitafuta neno. Mwishowe aliwaambia watu: "Mwende na amani," kama mwisho wa misa, nao wakaenda.

Tulikaa wiki nyingi hivyo, wanaume wawili wasiotazamana na mimi nikipitisha chakula kati yao. Kisha habari ikaja. Mwanamume mmoja aliyekuwa akileta mafuta ya mawese kutoka upande wa Walikale alisema kule Ntoto kuna mama mzee wa Bihambwe, anasema Kihunde, amekatika kidole cha mkono wa kushoto. Anakaa kwa mwindaji mmoja aliyemwokota njiani. Mama yetu alikatika kidole cha kushoto kwa panga, mimi nikiwa mdogo.

Papa alipiga magoti pale pale kwenye matope. Kesho yake asubuhi aliwatangazia watu, wakacheza, wakapiga vigelegele, na yule mama aliyezika watoto wake aliimba kuliko wote. Nilimwogopea Papa. Nilimwambia Kaka kwa sauti ya chini: "Na kama si yeye?" Kaka alikuwa akifunga mzigo wake wa safari. Alinijibu: "Ikiwa ni yeye, hata mimi nitaimba. Nitaimba mbele ya wote, nitasema Papa ameshinda. Twende."

Papa hakuweza kutembea mbali, magoti yake yalikuwa yamevimba. Tulikwenda mimi na Kaka. Siku tatu tulipanda na kushuka, kisha tukaingia msitu, ambako jua linafika chini kwa vipande na njia ni tope jekundu linalonyonya viatu. Kaka hakusema sana. Mara moja tu, tukivuka daraja la miti, alisema kwa Kiswahili cha darasani, kama mtu anayesoma ubaoni: "Kumbe mtu anaweza kutaka kukosea." Mimi nilikuwa nasali kila hatua, bila maneno, yeye tu, awe yeye tu.

Huko Ntoto, yule mwindaji alitupokea vizuri. Alikuwa Mkristo, msalaba wa mti ulikuwa juu ya mlango wake, lakini pembeni ya nyumba kulikuwa na kibanda kidogo kama cha kuku, na ndani yake ndizi mbili na kibuyu. Kaka aliviona. Tulipokuwa tunangoja yule mama arudi kutoka mtoni, alimuuliza ni vya nani.

"Vya mwenye musitu," yule mwindaji alisema. "Nasali Baba Yetu, kisha naweka ile. Baba yangu alifanya vile."

"Unajua ginsi gani kama musitu iko na mwenye?"

Mwindaji alifikiri. "Siku naweka, nikiingia siogope. Siku siweke, naogopa."

"Hiyo haionyeshe kama iko."

"Sikusema inaonyesha," alijibu, bila hasira. "Nilisema naogopa."

Wakati huo mtoto wa nyumba alipiga kelele kwamba bibi anakuja.

Walikuwa wamemwambia kwamba watu wa kwao wamefika. Alikwisha kunawa mtoni, akafunga kikwembe safi, kile cha misa. Alikuja mbio kwenye ile njia, mwanamke mzee mwembamba, mikono imefunguka, na mkono wa kushoto kidole kimoja hakikuwepo. Alipofika hatua kumi hivi alisimama. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha mikono yake ikashuka.

"Si ninyi," alisema.

Alikuwa na watoto wanne. Alidhani wawili kati yao wamepatikana. Alikuwa amewaomba kwa Mungu kila siku, na alipoambiwa wamekuja, alimshukuru Mungu kabla ya kutuona.

Sijui ni nani aliyeanza kulia. Nilimkumbatia kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Alikuwa na harufu ya moshi na sabuni, na mgongo wake ulikuwa mdogo kama wa Mama, na kwa kitambo kimoja, naungama, nilifunga macho nikajidanganya.

Baadaye, tulipokaa, Kaka alimuuliza habari za asubuhi ile. Yule mama alikuwa shamba la jirani, juu kidogo ya kijito.

"Wale walikuwa wanalima chini, ku kijito, sikuona hata mumoja anatoka," alisema.

"Uliona maiti?"

"Hapana, mutoto yangu. Nilikimbia."

"Basi haujue."

"Sijui," alisema. Alimshika Kaka mkono, akausugua kama unavyosugua mkono wa mtoto mwenye baridi. "Lakini sikuona mumoja anatoka."

Tulirudi Lushebere kwa siku nne, kwa sababu niliugua homa njiani. Papa alikuwa amekaa mbele ya kibanda, amevaa shati lake jeupe. Aliona tuko wawili. Kaka alimweleza yote, polepole, mpaka maneno ya mwisho ya yule mama. Papa alisikiliza, akaingia ndani, akavua lile shati, akalikunja.

Siku tatu hakusali na watu. Siku ya nne alituita.

"Tufanye matanga," alisema. "Mama yenu amekufa."

Sikutegemea kwamba Kaka ndiye angekataa. Aliruka kama aliyechomwa. "Nani alimuona? Hakuna muntu aliona! Anaweza kuwa Pinga, anaweza kuwa Goma, anaweza kuwa mugonjwa fasi fulani bila simu. Hauwezi kuzika muntu bila uhakika!"

"Weye ulisema kitu hatuone haiko."

"Sikusema vile! Nilisema hatuwezi kujua!"

"Ni sawa," Papa alisema. "Hatuwezi kujua. Lakini mimi nimezeeka, siwezi tena kuishi ndani ya hatuwezi kujua. Nataka kulia muke yangu."

Tulifanya matanga. Watu wa mstari walileta walichokuwa nacho, sahani ya maharagi, kikombe cha chumvi, kuni. Kaka alikuja, alikaa nyuma, hakutoa chozi. Papa alisimama aongoze sala. Alianza vizuri, na sauti yake ilikuwa ile ile ya Bihambwe. Kisha ikafika mahali pa kusadiki, Kanuni ya Imani. Alisema "Nasadiki," akasimama. Tulingoja. Alisema tena, "Nasadiki," akatazama watu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akakaa chini. Yule mama jirani ndiye aliyeendeleza, na sisi wote tukamfuata, isipokuwa wawili.

Baada ya siku ile Papa alimpa katekista mmoja kijana wa kambi Biblia yake na daftari la nyimbo. Alikaa tu. Aliamka, alikula kidogo, alitazama mlima. Sijawahi kuona mtu akiisha hivyo bila ugonjwa.

Na hapo Kaka akaanza kumpigania. Mwanzoni sikuelewa ninachosikia. Nilikuwa napepeta mchele nje ya kibanda, nikamsikia ndani akisema kwa sauti ya kubembeleza: "Papa, fikiria haragi. Ilitoka ku haragi ingine. Lazima kuko ya kwanza."

"Na huyo wa kwanza," Papa alijibu kwa sauti kavu, "alitoka wapi?"

"Hana mwanzo, Papa. Weye mwenyewe ulisema."

"Kama kitu moja inaweza kukosa mwanzo, juu ya nini dunia isikose? Weye njo ulinifundisha."

Kila siku Kaka alileta kitu. Mpangilio wa nyota. Dhamiri ya mtu. Wema wa mwindaji aliyeokota mzee asiyemjua, akamlisha. Zile hoja zote alizozivunja mwenyewe kwa miaka kumi na saba, sasa alizibeba moja moja kama mtu anayeokoa vitu katika nyumba inayoungua, na kila moja Papa aliitupa chini. Aliuliza watoto wa surua walikosa nini. Aliuliza kuhusu kijito.

"Umeshinda, mutoto yangu," alimwambia siku moja. "Uache sasa. Umeshinda zamani."

"Sikutaka kushinda!" Kaka alipiga kelele, na mstari mzima ukasikia. "Nilitaka ubishane na mimi! Papa, nakuomba. Bishana na mimi."

Niliweka ungo chini. Sijui nguvu zile zilitoka wapi, mimi ambaye katika ubishi ule wote nilikuwa wa kuleta maji. Niliingia nikawakuta, mmoja amepiga magoti, mwingine amegeukia ukuta wa bashi.

"Alikuwa Mama yangu," nilisema. "Muko mumemufanya hoja. Akirudi ni Mungu, asiporudi si Mungu, akifa ni hivi, asipokufa ni vile. Hakuna mumoja wenu alisema hata neno moja juu yake. Alikuwa anaogopa vyura. Munakumbuka? Muntu mukubwa vile, alipanda juu ya kiti. Alikuwa anaweka pilipili mingi juu Papa asikule nyama yote. Aliniambia siku nilirudi kwetu bila mutoto, tumbo haiko muntu, muntu ni weye. Hiyo njo Mama."

Nililia mpaka nikakosa hewa. Hakuna aliyekuja kunishika kwa muda mrefu. Kisha Papa alisema, bado amegeukia ukuta: "Alikuwa anaimba vibaya."

"Vibaya sana," Kaka alisema.

"Ku misa nilikuwa namuonea haya. Miaka arobaini. Hakujua."

"Alijua," nilisema. "Alikuwa anaongeza sauti juu yako."

Papa alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko na haikuwa kilio. Jioni ile tulimsema Mama mpaka uji ukapoa. Sisemi tulipona. Kesho yake Papa alikaa tena akitazama mlima. Lakini wale wawili waliacha kubishana, na mpaka leo hawajarudia.

Bado tuko Lushebere. Kaka anafundisha watoto chini ya bashi la shule, na kila gari au kundi likifika anatoka na chaki mkononi kuuliza kama kuna aliyemwona mama mmoja hivi. Hajakubali yale matanga. Mimi nasali bado, lakini nikiulizwa kama nina hakika, nitasema sina. Nasali kwa sababu nikinyamaza, kimya chenyewe kinaniogopesha zaidi.

Jumapili iliyopita Papa aliniomba maji ya kunawa uso, akavaa, akaenda mwenyewe kapelani. Nilimfuata kwa mbali, nikaogopa kufurahi. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, kati ya wamama wenye watoto wachanga. Hakuimba, hakujibu sala yoyote, na wakati wa kusadiki alibaki amekaa. Misa ilipokwisha nilimpa bega, tukarudi taratibu.

"Uliomba nini, Papa?"

"Sikuomba, mama. Nilisikiliza kama kuko muntu."

"Na ulisikia?"

Alitembea hatua kadhaa, akapumzisha goti.

"Nilisikia watoto wanakohoa," alisema.